Barua ya wazi kwa Bunge: mkishasema "naunga mkono", hufuata nini?

Kwa Spika wa Bunge la Taifa, Spika wa Seneti, na wabunge na maseneta wote wanaoketi katika kamati za mazingira, maji na kilimo,
Majengo ya Bunge,
Nairobi.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka mashariki ya jiji, upande ambao Mto Nairobi hutufikia ukiwa umeshabeba kila kitu ambacho mitaa ya juu haikitaki. Mimi ni mpiga kura wa kawaida. Sina chama ninachokipigia debe wala shirika linalonilipa kuandika haya. Nina mazoea ambayo jirani zangu huyaona ya ajabu kidogo: nasoma Kumbukumbu Rasmi za Bunge, yaani Hansadi, hasa mjadala unapohusu mito, misitu, ukame, mbolea na bei ya mazao.

Mengi yaliyomo humo ni mazuri, na nasema hivyo bila kejeli. Wako wabunge wanaoijua ardhi ya kwao. Mtu anasimama kueleza jinsi kijito kilivyokauka baada ya mikaratusi kupandwa kandokando yake, au jinsi mkulima anavyosubiri malipo ya kahawa aliyoipeleka kiwandani zamani, na unatambua kwamba hasomi karatasi aliyoandikiwa na mtu. Tatizo langu huanza ukurasa unapoisha. Anayeongoza kikao anamshukuru na kumwita mwingine, huyo anasema anaunga mkono, kisha mwingine naye anaunga mkono, kisha saa zimekwisha. Waziri aliyeahidi kuleta jibu, alilileta? Kamati iliyotumwa kwenda kuuona mto, ilikwenda? Hoja iliyopitishwa kwa makofi, nani aliitekeleza? Sijapata mahali pamoja ambapo mtu asiye na wakili wala rafiki humo ndani anaweza kuufuata uzi huo mpaka mwisho.

Ombi langu nalitoa mapema ili asiye na muda wa kusoma zaidi awe amelipata: kwa kila mbunge na kila seneta, chapisheni alichokidai kuhusu mazingira na mashambani, ahadi aliyopewa na serikali, na hali ya ahadi hiyo leo. Idadi ya mara alizosimama tunayo tayari. Kila mwaka hutolewa orodha ya waliozungumza sana na walionyamaza, nanyi kila mwaka huilalamikia.

Najua kuna watakaoguna: mtu wa Nairobi na mambo ya mashambani wapi na wapi? Basi tuanze na maji.

Maji yanayotoka kwenye bomba letu, siku ambazo mgao unatukumbuka, mengi yake yametoka milima ya Aberdare. Bwawa la Ndakaini, lililoko Gatanga katika Kaunti ya Murang'a, lilikamilika mwaka 1994 na lina uwezo wa kubeba mita za ujazo milioni 70. Bila hilo jiji hili haliwezi hata kuosha vikombe. Sasumua, kule Kinangop, ni la enzi za ukoloni na bado linatufanyia kazi. Mwaka 2022 likaanza kutumika handaki la karibu kilomita 12 linalochota maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati na kuyapeleka Ndakaini. Msitu wa Aberdare ukifyekwa, watakaobeba mitungi ni watu wa Kayole, Kibra na Kawangware, ingawa mnatarajia kwamba atakayesimama kuutetea ni mbunge wa Nyeri, wa Murang'a au wa Nyandarua. Nairobi ina maeneo bunge 17. Sioni kwa nini wabunge wake 17 wauone msitu huo kuwa mambo ya watu wengine.

Wanaoishi jirani na vyanzo hivyo wamelalamika kwa miaka mingi kwamba mabomba makubwa yanapita mbele ya nyumba zao kuelekea jijini huku wao wakiteka mtoni. Mwangi wa Iria, akiwa gavana wa Murang'a, alidai kaunti yake ipewe asilimia 25 ya mapato ya maji hayo. Huku kwetu wengi walimwona mwanasiasa tu anayetaka kutufungia mifereji. Kiwango alichokitaja kinaweza kubishaniwa, na mimi mwenyewe sidhani ningekikubali. Lakini swali lilikuwa halali, tena lilikuwa swali lenu: anayetunza chanzo cha maji apate nini kutoka kwa anayeyanywa?

Swali hilo lilikuwa na mswada wake. Mwaka 2014 uliletwa Seneti mswada wa kugawana manufaa ya maliasili, maji na misitu yakiwa miongoni mwa yaliyotajwa. Bunge la 11 likamaliza muda wake mwaka 2017, mswada haujawa sheria. Ukarudishwa. Bunge la 12 nalo likamaliza muda wake mwaka 2022, bado haujawa sheria. Kanuni mnaijua kuliko mimi: muhula ukiisha, miswada iliyokuwa njiani hufa, na anayeitaka aanze upya. Hotuba zilizotolewa juu ya mswada huo katika mihula hiyo zimehifadhiwa vizuri, na nyingine zina hoja ambazo ningefurahi kuzisikia zikisomwa redioni. Mama wa Gatanga anayepanda mlima na mtungi mgongoni hakupata kutoka kwazo hata mita moja ya bomba.

Sasa linganisheni na mwaka 2023. Mkutano wa Tabianchi wa Afrika ulipangwa kufunguliwa katika jumba la mikutano la KICC hapa Nairobi tarehe 4 Septemba. Marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, yanayohusu biashara ya kaboni, yaani kuwalipa wanaozuia au kupunguza hewa ya ukaa angani, yalitiwa saini na Rais tarehe 1 Septemba, siku tatu kabla ya wageni kuketi. Humo mliandika kwamba katika miradi ya kaboni inayotegemea ardhi, jamii ipate fungu lisilopungua asilimia 40, na katika miradi mingine asilimia 25. Ni kifungu kizuri kuliko nilivyotarajia. Na kinathibitisha kwamba mkitaka mnaweza. Jamii za wafugaji kule kaskazini ziliandikiwa fungu lao, la kaboni iliyo kwenye udongo na nyasi zao, kabla viongozi wa nchi za nje hawajashuka kwenye ndege. Mwenye shamba la chai juu ya Ndakaini, ambaye anatunza maji tunayoyanywa kila siku, ameanza kusubiri tangu 2014. Waliomtetea ukumbini hawakuwa na hoja dhaifu. Walikosa tu mkutano wa kimataifa wa kuwasukuma wenzao.

Yakishatufikia maji hayo safi, tazameni tunavyoyaachilia. Mto Nairobi unaanzia katika ardhi chepechepe ya Ondiri, kule Kikuyu, ukiwa maji ya kawaida tu. Unapita katikati ya jiji, unapokea majitaka, mafuta ya gereji, damu ya machinjio na taka za jaa la Dandora, kisha unaingia Mto Athi na kuelekea Machakos, Makueni na Kitui, hadi baharini karibu na Malindi ukiitwa Sabaki. Wakulima wa huko chini wananyweshea mimea yao kwa maji hayo. Makueni linajengwa bwawa kubwa la Thwake ambalo litapokea maji ya Athi. Kwa hiyo Nairobi tunafanana na mgeni anayekula chakula cha mwenyeji mmoja na kunawia mikono kwenye chungu cha mwenyeji mwingine. Hapo ndipo mambo ya jiji na mambo ya mashambani yanapokuwa kitu kimoja, na hapo ndipo kamati zenu zinapotengana: mazingira na misitu kamati moja, maji na unyunyiziaji nyingine, kilimo na mifugo ya tatu, taka za jiji mnasema ni kazi ya kaunti. Mto haujui kamati.

Dandora lilianza kutumika miaka ya sabini, na tangu mwaka 2001 inasemwa kwamba limejaa. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake yako hapa hapa Gigiri, lilitoa matokeo ya uchunguzi uliowapima watoto 328 wa eneo hilo. Karibu nusu yao walikutwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubalika kimataifa wakati huo. Watoto hao leo ni watu wazima, ni wapiga kura. Ningependa mmoja wao aweze kuona kwenye jedwali moja: ni mbunge gani aliyelitaja jaa hilo tangu 2007, aliomba nini, alijibiwa na nani, na lori la taka liliendelea kumwaga wapi.

Kisha kuna mafuriko. Aprili na Mei 2024 nchi hii ilizika watu zaidi ya 200. Mai Mahiu maji yalishuka usiku na kusomba nyumba na waliolala ndani. Hapa Nairobi, Mathare na Mukuru zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopigwa vibaya. Mlizungumza sana siku hizo, na sina shaka wengine wenu mlikuwa na uchungu wa kweli. Baada ya hapo ikaja amri: aliye ndani ya mita 30 kutoka mtoni aondoke. Tingatinga zikaingia, familia zikaahidiwa shilingi 10,000 za kutafuta pa kuishi.

Mita 30 kwa sheria ipi? Kanuni za ubora wa maji zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira zinataja upana wa mto wenyewe, usipungue mita 6 wala kuzidi mita 30 kila upande, zikipimwa kuanzia pale mafuriko ya juu kabisa yaliyowahi kurekodiwa yalipofika. Maana yake, mto wenye upana wa mita 10 unaachiwa mita 10. Sasa mtu wa Mathare aliyejenga mita 15 kutoka hapo, mto wake ukiwa na upana wa mita 10, alikuwa amevunja sheria au alikuwa ameitii? Na je, nani alirekodi mafuriko hayo ya juu kabisa katika mto unaopita katikati ya mabati, na alama yake iko wapi tuione? Swali kama hili mawakili wataliendea mahakamani kwa miaka na kulipwa vizuri. Ninyi mngeweza kulimaliza kwa sheria moja inayotaja kipimo kimoja, pa kuanzia kupima, na fidia ya aliyekuwa na hati iliyotolewa na serikali hiyo hiyo. Wenye majumba ya ghorofa yaliyosimama juu ya vijito katika mitaa ya kifahari pia wangejua pa kusimama. Au labda ndiyo sababu sheria hiyo haiji. Naliacha hapo.

Kuhusu ushuru sitasema mengi, kwa kuwa kila mtu anaukumbuka mwaka huo. Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa na ushuru wa mazingira uliogusa vifaa vya kielektroniki, vifungashio, hata nepi za watoto. Baada ya yale yaliyotokea Juni 25 kwenye lango lenu, waandamanaji walipoingia Bungeni, mswada wote ukaondolewa. Nataka tu kusema kwamba wazo la anayechafua alipe si baya. Lilichomwa kwa sababu halikuja na ahadi hata moja iliyoandikwa kwamba shilingi ile ya nepi ingeishia Dandora au mtoni. Lilikuja kama kodi nyingine tu, na likapokelewa hivyo. Waliolitetea ukumbini kwa jina la mazingira wameifanya kazi ya atakayelirudisha kesho kuwa ngumu mara mbili.

Ukame nao. Kati ya mwaka 2020 na 2023 kaskazini na mashariki mwa nchi zilipita misimu mitano mfululizo bila mvua ya kutosha, na mizoga ya ng'ombe ikajaa kandokando ya barabara. Mbuzi wanaochinjwa kwenye machinjio ya Kiamaiko, hapa Nairobi, hutoka huko. Kila ukame mnajadili chakula cha msaada na malori ya maji. Fungu la bajeti mnaloligawa wenyewe halizungumzwi kwa hamasa hiyo. Mwaka 2003 mjini Maputo viongozi wa Afrika, Kenya ikiwamo, waliahidi kutenga angalau asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo na maendeleo ya mashambani. Hatujafika. Kwa hiyo katika jedwali ninaloliomba, kando ya hotuba ya mbunge kuhusu wakulima, wekeni pia alivyopiga kura makadirio ya matumizi yalipoletwa. Anayemlilia mkulima Jumanne na kupitisha fungu dogo Alhamisi tumjue kwa yote mawili.

Labda mnajiuliza kwa nini namng'ang'ania mbunge mmoja mmoja, ilhali Bunge huamua kwa pamoja. Ni kwa sababu maneno ya mtu hudumu, na wakati mwingine humfedhehesha baada ya miaka. Mwaka 1989 serikali ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru. Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, akapinga. Novemba mwaka huo wabunge walisimama mmoja baada ya mwingine kumkejeli, hata wakasema vuguvugu lake la kupanda miti ni la wanawake walioachika. Maneno hayo yapo kwenye kumbukumbu zenu. Jumba halikujengwa, na bustani iko pale mnapopita mkielekea kazini. Miaka tisa na kitu baadaye, Januari 1999, alipigwa na wahuni kwenye lango la msitu wa Karura, na safari hii wabunge kadhaa wa upinzani walikuwa naye na wakaumia pamoja naye. Hiyo pia ni kazi ya mbunge, ingawa hakuna mwandishi wa Hansadi aliyekuwa porini kuiandika.

Mwaka 2002 aliingia Bungeni mwenyewe kama mbunge wa eneo la Tetu, akawa waziri msaidizi wa mazingira, akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, na mwaka 2007 akakosa kiti. Wapiga kura wana sababu zao na sitaki kuwasemea watu wa Tetu. Ila nadhani kila mbunge aliyetazama matokeo yale alijifunza jambo ambalo halijatusaidia: kwamba msitu hauleti kura, barabara ya lami huleta. Mkitaka somo hilo libadilike, mpeni mpiga kura kitu cha kushika. Leo akitaka kumpima mbunge wake kwa barabara, anapanda matatu na kuiona. Akitaka kumpima kwa mto, ataangalia nini?

Nyenzo za kufanya ninaloliomba mnazo. Bunge la Taifa lina Kamati ya Utekelezaji, ambayo kazi yake ni kufuatilia maazimio ya Bunge, maombi ya wananchi na ahadi za serikali kuona kama yametimizwa. Kanuni za Kudumu zinamtaka waziri anayehusika alete taarifa ya utekelezaji ndani ya siku 60 tangu azimio lipitishwe. Tangu mwaka 2023 mawaziri wamekuwa wakifika ukumbini kujibu maswali yenu ana kwa ana, badala ya kujificha nyuma ya barua. Ibara ya 119 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuleta ombi Bungeni, na ibara ya 42 inampa haki ya mazingira safi. Kinachokosekana ni mtu wa kuketi na kuunganisha karatasi hizi: swali la tarehe fulani, jibu la tarehe fulani, siku 60 zilizopita au zisizopita, na hatua iliyochukuliwa au neno "hakuna".

Kuna mambo ningewasihi myaangalie mkilitengeneza jedwali hilo. Kazi ya kamati ihesabiwe. Mnalalamika, na ni haki yenu, kwamba mbunge anayekesha akisahihisha vifungu vya mswada kwenye kamati huonekana bubu kwa sababu hakuhutubia ukumbini. Mbunge aliyebadilisha kifungu kimoja kinachozuia msitu kumegwa ni bora kwangu kuliko aliyehutubia Siku ya Mazingira miaka yote mitano. Nawakumbusha mwaka 2021, ulipoletwa mswada wa kuondoa kipengele kinachotaka Huduma ya Misitu ichuje kwanza ombi la kubadilisha mipaka ya msitu kabla halijafika Bungeni. Kipengele chenyewe ni mistari michache tu ya sheria ya 2016. Ningependa kujua kwa majina nani alikitetea kwenye chumba cha kamati, si nani alipiga picha akipanda mche.

Miche nayo, kwa kuwa nimeitaja. Serikali imesema miti bilioni 15 itakuwa imepandwa kufikia mwaka 2032, na Novemba 2023 tulipewa sikukuu nzima ya kupanda. Takwimu rasmi za 2021 zinasema miti imefunika asilimia 12.13 ya nchi, zaidi ya ile asilimia 10 inayotajwa na ibara ya 69 ya Katiba, huku msitu wenyewe ukiwa asilimia 8.83. Tafadhali, mbunge anayemuuliza waziri miti mingapi imepandwa aongeze maneno mawili: mingapi imeishi?

Na liandikwe kwa Kiswahili pia. Katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Bunge, Kanuni zenu za Kudumu zimekwisha kutafsiriwa, na wengi wenu mkiwa na jambo zito la mkulima huanza kwa Kiingereza na kumalizia kwa Kiswahili kwa sababu ndipo uchungu ulipo. Jedwali likiwa la Kiingereza pekee, ndani ya faili la kurasa 200 kwenye tovuti, litasomwa na wale wale wanaojua tayari. Likibandikwa kwenye ofisi ya chifu na Huduma Centre, vile vituo vya huduma za serikali, kurasa mbili tu kwa kila eneo bunge, mama mboga wa soko la Marikiti atalisoma akisubiri kuhudumiwa. Yeye hununua viazi vya Kinangop na vitunguu vya Kajiado. Anajua mvua ilipokosa kunyesha kabla waziri hajapelekewa ripoti.

Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027. Sisemi haya kuwatisha, maana mwenzangu mmoja ameniambia barua za namna hii hazimtishi mtu. Nasema kwa sababu Bunge la 13 litakapomaliza muda wake, kila mswada wa maji, wa misitu na wa taka utakaokuwa haujakamilika utazikwa pamoja nalo, na atakayekuja ataanza kuhutubia kutoka ukurasa wa kwanza. Mna muda wa kuandika angalau orodha ya mlichoahidiwa na ambacho hakikuletwa.

Kwa kuanzia sihitaji jedwali zima. Jazeni mistari mitatu. Wa kwanza: katika mito ya Nairobi, ukingo ni mita ngapi, kuanzia wapi, kwa sheria ipi, na ni mbunge gani ataleta marekebisho yake. Wa pili: mswada wa kugawana manufaa ya maliasili uko hatua gani leo, na nani ameukalia. Wa tatu: majitaka yanayotoka Nairobi kuelekea Athi yatasafishwa kwa kiwango gani kabla Thwake haijajaa, na ni waziri yupi aliyelijibia swali hilo, tarehe ngapi.

Majibu msinitumie mimi. Yawekeni mahali ambapo mtu wa Gatanga, wa Mathare na wa Makueni watayasoma siku moja.

Wenu,
Mkazi wa Nairobi, kando ya mto